Reno ya Sokoro

Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 8 Mei 2025

Kwa Sokoro, babu yangu mpendwa,

Barua hii inakuja mfukoni mwa Mwalimu Masese, anayetufunza Jiografia na ambaye kila Ijumaa hurudi kwake Kiogoro. Ameahidi kuiacha dukani Nyakoe, na kupitia hapo Jumapili akirudi, kama kutakuwa na jibu. Simu haturuhusiwi, na ile ya matroni hukatika kabla sijamaliza salamu. Tena unanijua. Kwa mdomo sisemi kitu hata nikipewa saa nzima.

Asubuhi ya kufungua shule nilimwona kijana mmoja kwenye banda la gari lako, Reno. Alikuwa anapiga picha. Alifungua ule mlango wa nyuma unaokwenda juu, akaufunga, akaufungua tena, akicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Nilimuuliza Mama ni nani. Akasema, "Muulize mwenye gari." Wewe ulikuwa umebeba sanduku langu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, nikashindwa kukuuliza.

Kwa hiyo nauliza sasa. Sokoro, unaiuza Reno?

Sitaki kukusumbua. Najua ni mali yako, na najua mguu wako. Lakini nikiwa darasa la tatu uliniambia kwamba magurudumu ya upande mmoja wa Reno yameachana zaidi kuliko ya upande mwingine, na kwamba watu waliolitengeneza walijua hivyo na wakaliacha. Nilidhani unanitania. Nikachukua rula na kupima, nikakuta ni kweli, upana wa vidole viwili hivi. Tangu siku hiyo nimeipenda kuliko gari lolote lililonyooka.

Na Baba alipofariki, nyumba zote mbili zilipojaa watu, nilijificha kiti cha nyuma siku tatu nikisoma vile vitabu vyako vilivyobaki kwenye maboksi. Vingi vilikuwa vya afya na vya ndoa. Sikuelewa kitu. Lakini kila nilipoinua kichwa nilikuta kikombe cha chai kwenye boneti, na sikumwona aliyekileta. Nadhani ni wewe.

Nisamehe kama nimeandika mengi.

Mjukuu wako,
Nyanchoka


Nyakoe
Jumapili, 11 Mei 2025

Mjukuu wangu Nyanchoka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa miwani na mara moja bila, nione kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Basi nitajibu.

Kijana yule anaitwa Brandon. Wazazi wake ni wa Kiogoro lakini yeye anaishi Nairobi, na huko anakusanya magari ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Anayo matatu. Reno yetu anaitaka kwa sababu haijaguswa. Viti ni vilevile, gia ni ileile inayotoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, hata mkeka wa chini ni uleule niliokuta mwaka wa themanini na tano. Anasema akikuta kitu kimoja kimebadilishwa, halitaki. Atakuja na lori la kubebea magari Jumapili, tarehe ishirini na mbili Juni. Alitaka Jumamosi. Nikamwambia siku ya Sabato hapa hatuuzi hata yai.

Mimi sijasema ndiyo. Nimesema aje.

Tangu Januari, baada ya ule ugonjwa, mguu wa kushoto una maoni yake. Nikiuambia kanyaga klachi, unafikiri kwanza. Na gari lisilotembea huoza, Nyanchoka. Nililiendesha miaka thelathini na tisa nikiwa mwinjilisti wa vitabu, nikiuza vitabu vya kanisa, nikapanda nalo milima yote kati ya Nyanchwa na Nyamira likiwa limejaa maboksi hadi darini. Sitaki kuliona likiota majani.

Tena kuna mama yako. Nimemwona mara mbili akitembea kando ya banda akihesabu hatua, kwenda na kurudi. Nadhani anapataka pale kwa ajili ya ng'ombe. Ana haki. Anafanya kazi yote ya boma hili. Lakini sijamuuliza, na yeye hatanijibu. Unajua chinsoni zetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kutoulizana ya moyoni. Tunaongea mvua, tunaongea chai na bei ya ndizi, basi. Magokoro wako, mke wangu Bathsheba, alipokuwa hai alibeba maneno kati ya nyumba ya juu na nyumba ya chini kama mtu anavyobeba maziwa, bila kumwaga. Tangu tumzike Novemba, kila nyumba inakaa na maneno yake.

Kwa hiyo nakutuma. Mchunguze mama yako taratibu, ujue anachotaka. Usimwambie nimekutuma.

Chai ya kwenye boneti haikuwa yangu. Nilidhani ni Magokoro.

Sokoro wako,
Jethro Ochoki


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kemia inaendelea, ingawa haijui inakoenda. Nimefanywa msimamizi wa maktaba, na nimefurahi kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaambiwa anyamaze na ananyamaza.

Nilikuwa nafikiri tu kuhusu mambo ya nyumbani. Kwa mfano ng'ombe. Kwa mfano banda la Reno, kwamba ni kubwa, na pengine mtu angeweza kulitumia kwa kitu kingine. Kwa mfano wewe, ungelitumia kwa nini, kama Reno haingekuwapo? Ni swali tu. Mwalimu wa insha anasema tujizoeze kuuliza.

Mwanao,
Nyanchoka


Nyakoe
Jumapili, 18 Mei 2025

Nyanchoka,

Marahaba. Mwalimu wa insha mwambie nimemsalimu, na umwambie mwanafunzi wake hajui kuzunguka.

Gari ni la Tata, Sokoro wako. Tata akiliuza ni vizuri, akikaa nalo ni vizuri pia. Mimi sina neno. Hilo ni jambo la nyumba ya juu na mimi niko nyumba ya chini. Ninachoona ni kwamba kila Jumapili anamwita fundi Manasseh aje aliwashe, alioshe, alipake nta mpaka ling'ae. Mtu hapaki nta kitu cha kukaa nacho. Amelichoka, au linamchosha, na mimi siwezi kusimama mbele ya mzee kama yule niseme nisichoulizwa.

Chai imekuwa nyingi wiki hii, mikono yangu imeiva. Nimekutumia sabuni mbili na njugu. Njugu usigawe zote. Nakujua.

Na hiyo Kemia uishike mkono uionyeshe inakoenda.

Mama yako,
Drusilla


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Sokoro,

Nimemuuliza Mama, taratibu kama ulivyosema, ingawa alinigundua kwenye mstari wa tatu. Anasema gari ni lako na ukiliuza ni vizuri. Anasema hana neno.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivi. Mimi ningependa Reno ibaki, lakini mimi niko huku, na ninyi ndio mnaoishi nayo. Sitaki kutaka kwangu kuwe kitu cha kuwazuia.

Mjukuu wako,
Nyanchoka


Nyakoe
Jumapili, 1 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Asante. Umefanya kazi yako vizuri, na sasa najua. Brandon akija nitampa kitabu cha gari na funguo.

Lakini nataka mtu mmoja ajue sababu yangu yote, na mtu huyo ni wewe, kwa kuwa unajua kunyamaza. Usimwambie mama yako.

Mwezi wa tatu nilikuta kijitabu juu ya mtungi wa maziwa. Kilikuwa cha alama za barabarani, kile wanachopewa watu wanaojifunza udereva. Ndani kuna mwandiko wa mama yako. Nilikirudisha palepale nilipokikuta na kuondoka kama mwizi. Siku nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikasema moyoni, labda Drusilla ataiendesha Reno. Nikajiona nimekaa ndani yake tena, naangalia milima, mtu mwingine akihangaika na gia.

Kisha nikakumbuka kiti. Wewe ni mtoto wa siku hizi lakini umekulia hapa. Umewahi kumwona mama yako amekaa kwenye kiti changu cha sebuleni, au hata amekiegemea? Hajawahi, miaka kumi na minane. Mke wa mwana hakalii kiti cha baba mkwe, kama vile mimi siingii nyumbani kwake. Na kiti cha dereva cha Reno ni changu kuliko kiti chochote duniani. Sponji yenyewe imechukua umbo langu. Nikimwambia akikalie, nitakuwa nimemweka mahali pagumu. Atakataa aonekane hana shukrani, au atakubali na kuona haya kila siku.

Basi nimeamua hivi. Nitauza, na fedha hizo zimnunulie gari dogo ambalo hakuna mkwe aliyelikalia. Nitampa kupitia kwa wazee wa kanisa, ionekane ni jambo la ukoo. Hapo hatakuwa na haya.

Gari ni bati. Nimejiambia hivyo mara nyingi wiki hii.

Sokoro wako,
Jethro Ochoki


Nyakoe
Jumapili, 8 Juni 2025

Nyanchoka mwanangu,

Leo nakuandikia kama mtu mzima mwenzangu. Ukimaliza kusoma, ichane. Sokoro wako asijue hata neno.

Februari tulimpeleka kliniki mjini. Hukuwepo, ulikuwa shule. Hakuna gari lililokubali kushuka mpaka kwetu kwa sababu ya matope, tukaita boda. Mguu haukumshikilia. Yule kijana wa boda akachukua leso yangu, akamfunga Tata kiunoni, akajifunga naye, kama mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa kwenye boda ya nyuma. Nikaangalia mashamba ya watu njia nzima ili akigeuka asinikute nimemtazama.

Nilipomwacha kwa daktari nilipita shule ya udereva pale mjini nikajiandikisha. Nilitumia bonasi ya chai niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya bati za jikoni. Kila nikishusha ndizi sokoni, nilienda darasani na kikapu changu. Vijana walinicheka. Mmoja aliniita shosho, kama bibi kizee. Mwalimu wao alikuwa anashika breki kabla hata sijakosea. Lakini nimefaulu, Nyanchoka. Leseni nimeipata tarehe mbili Mei, iko chini ya godoro.

Zile hatua za banda ulizoniuliza kwenye barua yako ya Alhamisi, ndiyo, nilizihesabu. Najua ni wewe uliyeuliza lakini najua pia si wewe uliyeniona. Nilikuwa napima nitatoa gari kinyumenyume vipi bila kugonga nguzo ya kulia. Ni hatua tisa, halafu unakata. Nilikuwa nafanya kwa miguu kwa sababu sikuthubutu kuingia.

Kwa maana nikifika mlangoni nakiona kile kiti. Kimeshuka upande mmoja kama mtu bado yumo. Mimi nimeolewa hapa, nimezika mume hapa, na huyu mzee hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Siku za matanga ya baba yako aliamka mapema akakata kuni mwenyewe ili nisionekane na wageni nikikata. Sasa niende nikae kwenye kiti chake? Na yeye nimweke wapi, kando yangu, bega kwa bega? Siwezi. Hata nikiweza, yeye hataweza.

Sasa nasikia kwa Manasseh kwamba lori linakuja tarehe ishirini na mbili. Nimefurahi kwa ajili yake, kama ndivyo anavyotaka. Leseni si chakula, haiozi.

Nimeandika haya ili yatoke moyoni tu.

Mama yako,
Drusilla

Na chai ya boneti, kwa sababu umeniandikia kwamba umeulizana na Sokoro juu yake: ni mimi. Sikutaka kukuita. Ulikuwa umepata mahali.


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kwa Sokoro,

Nimefanya kosa na sasa nafanya la pili makusudi.

Kosa la kwanza: niliposema Mama anasema ukiuza ni vizuri, niliandika nusu. Aliandika pia kwamba ukikaa nalo ni vizuri. Niliacha nusu hiyo kwa sababu ilifanana mno na ninachotaka mimi, nikaogopa kuonekana naongeza yangu. Nilidhani ndiyo uaminifu. Na maneno ya Mama niliyasoma kama maneno ya kitabu, kana kwamba "sina neno" maana yake ni kwamba hana neno. Magokoro asingekosea hivyo.

Kosa la pili liko ndani ya bahasha hii. Ni barua ya Mama, aliyoniambia niichane. Nimeinakili kwanza ili nibaki na mwandiko wangu wa kulaumiwa, halafu nakutumia yake mwenyewe. Yeye namtumia yako ya tarehe moja. Mlinikabidhi siri mbili na nimezisaliti zote kwa stempu moja, na hata stempu si yangu, ni mfuko wa Mwalimu Masese.

Sijalala vizuri. Kwenye klabu ya mdahalo sijawahi kusimama hata mara moja, na wasichana husema kwamba hata nikikanyagwa nitaomba msamaha. Lakini siku ni kumi tu, na nikinyamaza Reno itapanda lori kwa sababu kila mmoja wenu anamheshimu mwenzake. Sikuona namna nyingine.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Nyanchoka


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama,

Sikuichana. Iko kwa Sokoro. Hii iliyo ndani ni yake, isome umekaa.

Nipige nikija mapumziko, lakini isome.

Nyanchoka


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 19 Juni 2025

Kwa Sokoro na kwa Mama,

Jumapili Mwalimu Masese alirudi mikono mitupu. Nilimuuliza kama bahasha zilifika, akasema mwenye duka alizipeleka mwenyewe Ijumaa jioni, moja juu, moja chini. Nikamuuliza kama aliona nyuso zenu. Akasema yeye hufunza Jiografia.

Sina la kuandika. Nimeandika ili mjue bado niko.

Nyanchoka


Nyakoe
Jumapili jioni, 22 Juni 2025

Nyanchoka,

Kukupiga nitakupiga, lakini kwanza nikueleze.

Ijumaa ile niliisoma barua ya Tata nikiwa nimesimama, kwa sababu sikusoma yako kwanza. Halafu nikakaa chini kwenye majani. Jumamosi tulikwenda kanisani, yeye akakaa upande wa wanaume, mimi wa akina mama, na kama ni mahubiri, usiniulize yalihusu nini. Wiki nzima ilikwenda hivi. Nikipeleka chai juu, naweka mezani, anasema asante, naondoka. Aliniuliza kama mvua itanyesha. Nikasema itanyesha. Ilikuwa inanyesha.

Leo asubuhi nikasikia nyundo bandani. Nikatoka na beseni langu kama naenda kuanua nguo. Nikamkuta Manasseh amelala ndani ya Reno, miguu nje, na Tata amesimama na fimbo akimwelekeza. Wamefungua bolti za kiti cha dereva. Zilikuwa na kutu, wakamwagia mafuta, zikalia kama mbuzi. Kiti kikatoka. Manasseh akakibeba kichwani mpaka nyumba ya juu akakiweka barazani, kikitazama barabara. Kisha akatoa kingine kwenye mkokoteni, cha bluu, amekitoa kwa gari lililokufa huko kwake, akakichomelea palepale.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo na beseni. Tata hakugeuka. Akasema, "Manasseh, mwambie Mama Nyanchoka ajaribu kama miguu inafika."

Manasseh akanitazama, akamtazama. Akasema, "Mama Nyanchoka, unaambiwa ujaribu kama miguu inafika." Na uso mkavu kabisa, kama karani wa mahakama.

Nikaweka beseni chini. Nikaingia, nikakaa. Kinanuka mafuta na kiko juu kidogo, lakini hakuna mtu aliyewahi kukikalia ninayemjua. Nikakanyaga klachi. Nikasema, "Manasseh, mwambie Tata inafika."

Tata akasema mwambie kioo aweke sawa. Nikasema mwambie nimeweka. Tukaendelea hivyo mpaka Manasseh akaomba maji ya kunywa, akasema amechoka kuliko alipochomelea.

Brandon alifika saa nane na lori lake. Kijana mzuri, amevaa viatu vyeupe kwenye matope yetu. Akafungua mlango akainama kutazama ndani. Akaja barazani.

"Mzee," akasema, "kiti cha dereva kiko wapi?"

"Nimekikalia," Tata akasema.

Nilikuwa jikoni kwake naosha vikombe. Nikauma kitambaa nisicheke. Brandon akaeleza kwamba bila kile kiti gari halina maana kwake, kwamba kinaweza kurudishwa, bolti ni chache tu. Tata akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamwambia kwamba anajua, na ndiyo sababu amekitoa kabla yeye hajafika na si baadaye. Akamwagiza ale ndizi kabla ya safari. Akala sana. Alipoondoka alishika boneti kidogo, nikamhurumia.

Tata alibaki barazani. Nilipotoka na vikombe nikapita mbele yake, na nikasimama. Miaka kumi na minane sijawahi kusimama pale bila kitu cha kufanya. Nikamwambia, mimi mwenyewe, "Tata, Alhamisi wanafunzi wanafunga kwa mapumziko."

Akasema, "Tutaondoka saa mbili."

Mama yako,
Drusilla


Bwenini, Nyamira
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa Sokoro,

Nimerudi salama, ila shingo inaniuma, na nitakueleza kwa nini, ingawa ulikuwepo.

Mlipofika getini Alhamisi ile, wasichana walikuwa kwenye foleni. Mmoja akasema, "Hiyo ni gari ama friji?" Wakacheka. Mimi siku nyingine ningejificha nyuma ya sanduku langu. Lakini nikamwona Mama, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, mdomo umekaza kama anapitisha uzi kwenye sindano, na wewe kiti cha nyuma umenyoosha mguu na kuvaa koti la kanisani. Nikasema kwa sauti, "Ni yetu." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kisha yule aliyecheka akaomba afungue mlango wa nyuma mara moja tu.

Sasa shingo. Kutoka Nyamira mpaka Nyakoe ulisema, "Nyanchoka, mwambie mama yako kuna shimo." Nikageuka nikamwambia. Mama akasema, "Mwambie Sokoro wako nimeliona." Nikageuka. Mwambie apunguze. Mwambie nimepunguza. Mwambie ng'ombe. Mwambie si ng'ombe, ni gunia. Siku ya kurudi ilikuwa hivyohivyo. Sikulalamika, kwa sababu ni kazi ya Magokoro na nimeona fahari kupewa. Lakini nimekuwa nikifikiri tangu Jumapili: mimi sasa niko huku, na kliniki ni Jumanne ijayo. Mtafanyaje, ninyi wawili, ndani ya gari, bila mtu katikati?

Kama mnataka, naweza kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya siku moja. Nitaomba kwa barua.

Mjukuu wako,
Nyanchoka


Nyakoe
Jumapili, 6 Julai 2025

Mjukuu wangu Nyanchoka,

Usiombe ruhusa. Kaa na Kemia yako.

Nimekuwa nikikaa barazani jioni nikiitazama Reno ikitoka na kuingia. Anajizoeza. Anatoka kinyumenyume hatua zake tisa, anakata, anakwenda mpaka kona ya dukani, anarudi. Nguzo ya kulia ameigonga mara moja tu. Niligeuza uso nikatazama mashamba ya watu.

Anaendesha vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Kosa lake ni moja. Akipanda mlima anachelewa kurudisha gia ya pili. Anangoja mpaka gari linaanza kutetemeka, ndipo anavuta. Injini haipendi. Inafaa arudishe mapema, pale tu sauti inapokuwa nzito, na avute polepole bila kuogopa kwamba mpini utatoka mkononi. Hautatoka. Mwandikie umwambie hivyo, kwa maneno yako, isionekane

Hapana, acha.

Kesho kutwa tunakwenda kliniki, sisi wawili. Mlima uko palepale baada ya soko. Nitamwambia mwenyewe.

Sokoro wako,
Jethro Ochoki